Mtoto wa Majina Mawili

Sehemu ya Tisa

Jumamosi iliyopita tulimwacha Justa kizimbani, jasho linamtoka, na wakili wa kampuni amemshikia karatasi mbili mbele ya pua. Aliyekosa gazeti hilo asihangaike kubisha hodi kwa jirani. Mambo yenyewe ni haya.

Justa ni fundi cherehani wa Igoma. Ameishtaki kampuni inayotengeneza Tulizo, dawa ya kikohozi cha watoto. Kwenye chupa waliandika asali, tangawizi na limau. Maabara ilipoipima ilikuta ndani yake dawa nyingine, kali, isiyoandikwa popote, ya aina inayoweza kuua masikio ya mtoto mchanga. Binti yake aliinywa siku tano mfululizo akiwa na miezi minane. Sasa ana miaka mitatu na nusu, na hata ukiangusha sufuria nyuma yake hageuki.

Madaktari wanasema operesheni ipo, ila ifanyike kabla hajatimiza minne. Akipita hapo, hata akifunguliwa masikio hataelewa anachosikia. Justa na mumewe Mihayo, fundi wa majiko ya mkaa, hawana uwezo wa operesheni hiyo hata wakiuza nyumba. Kampuni inao. Imebaki miezi sita.

Haya, turudi kizimbani.

"Kadi ya kliniki inasema aliyeugua ni Queen Mihayo," alisema Wakili Bashiru. "Cheti cha kuzaliwa mlicholeta hapa kinasema anayedai ni Mbuke Mihayo. Mama, una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Basi kati ya hawa wawili mmoja hayupo duniani. Ni yupi?"

Watu wa mabenchi ya nyuma walicheka. Hakimu, mama mwenye miwani na uso usiosema kitu, aliinua macho, na kicheko kikakatika.

Justa alieleza. Mtoto ni huyo huyo. Queen ni jina alilompa mwenyewe wodini, siku aliyojifungua. Mbuke ni jina alilopewa na bibi yake wa Misungwi, mama yake Mihayo, pale alipoanza kulilia jina. Cheti walikwenda kukichukua baadaye, jina la pili likiwa limeshakaa, ndiyo maana likaandikwa hilo.

Karani aliacha kuandika akaitikia kwa kichwa, maana na yeye ni Msukuma kama kina Mihayo na hakuhitaji tafsiri. Mtoto akilia usiku na mchana, hanyonyi, hatulii, wazee husema kuna marehemu wa ukoo anataka kuitwa. Yanatajwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Nusu ya waliokuwa ndani ya chumba kile walipata majina yao kwa njia hiyo.

Bashiru alizaliwa na kukulia Mirongo, hapo hapo mjini, na alilijua jambo hilo vizuri. Lakini siku hiyo alijifanya ametua jana kwa ndege.

"Kulilia jina," alirudia taratibu. "Na sasa, baada ya kulilia na kupewa, huwa anaitika lipi?"

Hapo Bashiru alikosea. Alikuwa ameshashinda, akataka na kachumbari.

"Haitiki lolote," Justa alisema. "Ndiyo maana niko hapa."

Nyuma, kwenye magoti ya Mihayo, mtoto mwenyewe alikuwa anachezea vifungo vya shati la baba yake, hana habari kwamba anazungumzwa. Mama mmoja asiyehusika na kesi hiyo alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Bashiru alikaa, akajifanya anatafuta kalamu.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Hakimu alivua miwani akasema anamhurumia mama huyu kama mzazi, lakini huruma haiandikwi kwenye hukumu. Hati ya kubadili jina hakuna. Kiapo cha jina hakuna. Mbele yake kuna mtoto aliyeugua na mtoto anayedai, na hakuna kitu kinachowaunganisha zaidi ya neno la mama mwenyewe.

"Nani alimpa jina la pili?"

"Mama mkwe wangu, Mheshimiwa."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Nimwone hapa saa nane kamili. Asipofika, kesi hii naiondoa."

Nje, chini ya mawe makubwa yanayoning'inia juu ya jengo kama yanataka kushuka, Wakili Shamsia alikuwa anatembea huku na huko kwa furaha. Shamsia ndiye anayemtetea Justa. Ni mtoto wa mjini, wa familia ya wauza vitambaa, na mambo ya kulilia jina aliyasikia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alimlaumu Justa kidogo kwa kumwambia zamani kwamba Queen ni jina la nyumbani tu, kisha akasamehe. Alisema Bashiru amejifunga bao mwenyewe. Bibi mzee, muumini, aje aseme nilimpa mimi hili jina siku fulani mbele ya watu fulani, basi, mlango umefunguka.

"Kuna kitu kingine ambacho sikijui?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Hakuna, dada."

Justa alijibu upesi mno. Alikuwa na hofu tangu hakimu alipotaja saa nane, na msomaji sasa ni lazima ajue kwa nini, maana Shamsia hajui, Mihayo hajui, na mama mkwe mwenyewe hajui.

Nyumba yao ya Igoma imegusana ukuta na karakana ya Mihayo. Kutwa nzima ni nyundo juu ya bati. Queen alikuwa anaruka kila nyundo inapogonga, hata akiwa usingizini, mpaka Justa akawa anamziba masikio kwa viganja. Siku ya sita tangu chupa ya Tulizo ifunguliwe, mtoto alivimba uso. Muuguzi wa kliniki aliandika kwenye kadi, kwa wino mwekundu: dawa isitishwe. Siku ya saba Mihayo aligonga bati mchana kutwa na mtoto hakuruka hata mara moja. Justa aliliona hilo, akajiambia mtoto amechoka tu.

Kisha kilio kikaanza. Siku mbili mfululizo. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anafungua mdomo bila kutoa kitu. Siku ya tisa mama mkwe akaagiza aletwe Misungwi, kwa sababu kilio cha namna hiyo kina mwenyewe.

Wazee walikuwa wamekaa mkekani wanasubiri. Justa aliingia chumbani kumbadilisha mtoto nguo. Alikuwa hajalala siku tatu, maziwa yanamuuma. Ndani ya mkoba chupa ya Tulizo ilikuwa bado ipo, imebaki robo. Kitu kimoja alikijua kuhusu dawa hiyo: ukimpa mtoto, baada ya dakika kumi analegea.

Alimpa kijiko kimoja. Kisha akatoka naye akamkabidhi kwa bibi yake.

Yakatajwa majina. Mtoto alilia kwenye la kwanza, akalia kwenye la pili na la tatu. Lilipotajwa la nne, Mbuke, alinyamaza, akaegemeza kichwa kwenye bega la bibi. Wanawake wakapiga vigelegele. Justa aliangalia chini, na tangu siku hiyo hajamwambia mtu.

Sasa umeuona mtego? Mama mkwe akija kusimulia jinsi jina lilivyopatikana, atasema mtoto aliitwa akanyamaza. Na mtoto aliyenyamaza kwa kuitwa ni mtoto anayesikia. Siku ya tisa, dawa ikiwa imeshaachwa siku tatu, masikio mazima. Kampuni itakunja karatasi zake iende kula samaki.

Na asipokuja, hakuna kesi.

Wilhelmina, mama mkwe mwenyewe, alifika saa saba na robo, amevaa kitenge cha sare ya akina mama wa kanisani na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi. Alipopigiwa simu aliacha fungu lake la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni kwa mwenzake, hakujua hata kama atalikuta. Kule Misungwi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na watu wakigombania mpaka wa shamba humwita yeye kwanza kabla ya mtendaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Alimchukua mtoto kwa Mihayo, akamfunga mgongoni japo miguu ya mtoto ilikuwa inafika magotini mwake. Justa alimvuta kando, kwenye kona ambako kuna bomba bovu.

Alizunguka sana kabla hajafika kwenye neno lenyewe. Alisema mawakili wa mjini hawapendi maneno mengi. Alisema itatosha kusema tarehe, na mahali, na kwamba jina alilitoa yeye. Hayo ya kutaja majina, na la nne, na kunyamaza, si lazima.

Wilhelmina alimtazama.

"Kwa nini nisiseme alinyamaza?"

"Watalichezea, mama."

"Watalichezeaje? Alinyamaza mbele ya watu kumi. Mama mkwe wangu Mbuke alinilea mimi nilipoolewa sijui hata kusonga ugali. Miaka kumi na tisa amekaa kaburini hana wa jina lake. Siku ile alirudi mikononi mwangu. Wewe Mama Mbuke unataka nilifiche hilo kama kitu cha aibu?"

Justa alifungua mdomo. Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Bomba linavuja, hakuna mtu karibu, mama mkwe ana masikio na moyo wa kusikiliza. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini ukimwambia mwanamke yule kwamba marehemu hakurudi, kwamba kilichomnyamazisha mtoto ni kijiko cha dawa iliyokatazwa, unamnyang'anya kitu ambacho huwezi kumrudishia. Na ukishamwambia yeye, Mihayo atajua kabla ya jioni.

"Basi sema, mama," Justa alisema. "Sema kama ilivyokuwa."

Saa nane kamili waliitwa.

Wilhelmina alishika Biblia kwa mikono miwili. Shamsia alimwongoza vizuri, hatua kwa hatua, na bibi alijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Mtoto aliyezaliwa akaitwa Queen ndiye huyu aliye na baba yake pale. Yeye mwenyewe alimpa jina Mbuke, nyumbani kwake Misungwi, wazee wakiwapo. Hana mjukuu mwingine kwa Mihayo. Hakimu aliandika bila kusimama, na Shamsia aliporudi kukaa alimbonyeza Justa mkono. Imekwisha, alinong'ona.

Bashiru aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

Alimwambia hana maswali magumu. Alisema asubuhi alionekana kama mtu anayedharau mila, na jambo hilo limemsumbua hata chakula hakikumpanda. Angependa bibi aieleze mahakama, kwa fahari yake yote, jina lile lilipatikanaje.

Shamsia alitabasamu. Alidhani mwenzake anatafuta njia ya kuondoka kwa heshima. Justa alishika ukingo wa benchi.

Wilhelmina alisimulia. Kwa kweli alisimulia vizuri, hata karani alisahau kalamu. Kilio, mkeka, wazee. Jina la kwanza, kilio. La pili, kilio. La tatu, kilio. Na la nne.

"Lilipotajwa la nne?"

"Alinyamaza. Akalala begani kwangu."

"Ulilitaja kwa sauti ya kawaida?"

"Kwa sauti yangu hii hii."

"Na akalisikia."

"Alilisikia, baba. Angenyamazaje bila kulisikia?"

Bashiru aliinamisha kichwa kumshukuru. Kisha akamgeukia hakimu, na sauti ya mjukuu mwema ikawa imekwisha. Aliomba mahakama itazame tarehe. Mtoto aliacha kunywa dawa ya wateja wake siku ya sita. Siku ya tisa, kwa kiapo cha shahidi aliyeletwa na upande wa mdai wenyewe, mtoto huyo anaitwa kwa sauti ya kawaida, anasikia, anachagua jina. Uziwi wake, kwa hiyo, umekuja baadaye, kutoka mahali pengine. Hana swali zaidi, na anaomba kesi itupwe leo hii.

Tabasamu la Shamsia lilibaki usoni sekunde mbili zaidi ya ilivyotakiwa. Alipekua karatasi, akapekua tena. Wilhelmina pale kizimbani alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa kwamba amefanya jambo lakini hakuelewa ni lipi.

"Wakili," hakimu alimwambia Shamsia, "una la kurekebisha?"

Angelipata wapi?

Justa alimtazama mtoto. Alikuwa amelala sasa kifuani kwa Mihayo, mdomo wazi, huku mtu wa usafi huko nje akiburuta meza juu ya sakafu, kelele za kutoboa kichwa. Mtoto hata kope hakuchezesha. Justa alihesabu miezi, akapata sita ile ile. Akaona kwamba katika chumba hicho chote ni mtu mmoja tu anayejua mtoto alinyamaza kwa nini, na mtu huyo amekaa kimya.

Alisimama.

"Mheshimiwa, hakulisikia jina."

Hakimu alimwambia akae, zamu yake imepita. Justa hakukaa. Shamsia alimvuta gauni. Askari wa mlangoni alisogea hatua moja.

"Nilimpa kijiko," Justa alisema. "Kabla sijamtoa nje kwa wazee. Alinyamaza kwa sababu ya kijiko."

Aliyeuliza hakuwa hakimu wala wakili. Alikuwa Wilhelmina, kutoka kizimbani, kwa sauti ndogo kabisa.

"Kijiko cha nini, Justa?"

Miaka yote sita ya ndoa Wilhelmina alikuwa hajawahi kumwita mkwewe kwa jina lake.

"Cha Tulizo, mama. Niliambiwa niache, nikampa. Nilikuwa nimechoka."

Mihayo aliinua kichwa. Mkono wake ulikwenda juu ya sikio la mtoto ukalifunika.

Bashiru alishasimama tena, mwepesi kama kijana. Aliomba maneno hayo yaandikwe neno kwa neno: mama wa mtoto, akiwa ameonywa kwa wino mwekundu, alimnywesha dawa kwa siri, na akaificha mahakama jambo hilo mpaka leo. Shamsia naye alipata sauti yake, akapaza kwamba basi imethibitika, mtoto alikuwa kiziwi tayari siku ya tisa, hakusikia jina lolote. Mawakili wawili walizungumza kwa pamoja mpaka hakimu akapiga meza.

Alimwamuru Justa akae na asiondoke chumbani humo bila ruhusa. Askari akaenda kusimama nyuma ya benchi lake. Kisha hakimu akamgeukia bibi, akamkumbusha kwamba bado yuko chini ya kiapo.

Alisema hayo ya kijiko atayapima kwa wakati wake. Kuna jambo moja analolihitaji sasa hivi, kwa sababu bila hilo hakuna mdai, na bila mdai hakuna kesi. Shahidi amesikia aliyoyasikia. Je, bado anaiambia mahakama kwamba Queen aliyeugua na Mbuke anayedai ni mtoto mmoja?

Neno moja tu lilihitajika. Justa alimtazama mama mkwe wake, akamwomba kwa macho, maana kwa mdomo hakuruhusiwa.

Wilhelmina alinyoosha kitenge chake, akafuta mahali kwenye ubao ambapo Biblia ilikuwa imekaa.

"Mbuke namjua," alisema. "Nilimwita mbele ya wazee na akaja. Huyo Queen aliyenyweshwa kijiko, mimi simjui."

Bashiru akakaa. Hakuwa na swali lingine.